Jibu: Dogo kasimamishwa ulingoni, kocha anamtaka sparingi (ngumi za mazoezi) wiki ijayo

Salaam mkuu. Umesema dogo hakuanguka, ila mwamuzi alimhesabia hadi nane akiwa amesimama, mara mbili, kisha akasimamisha pambano, na kocha anadai hiyo si KO (kuangushwa ukashindwa kuendelea). Uliza kwanza: zilikuwa ngumi za kichwa? Kama ndiyo, kanuni za ngumi za ridhaa zinampumzisha sawa na aliyedondoka, siku zisizopungua 30, na sparingi imo kwenye katazo. Aliyezimia hupewa zaidi. Klabuni kwetu wa hivi hagusi glovu, tunampa saa ya raundi ashike (na wananuna kweli!). Hedigadi (kofia ya kinga) isikudanganye, inapunguza kuchanika, ubongo unatikisika vilevile. Akitapika, akisinziasinzia au kichwa kikizidi kuuma, mkimbize hospitali usiku huohuo. Kocha akibisha, mwombe aandike na kusaini.