Lori la namba halina sakafu

Mmeuliza wiki hii kama kompyuta zitayamaliza yale maswali ya hesabu yaliyowashinda wataalamu. Mi nasema kwa spidi peke yake hapana, na nafundisha tuisheni hapa Ngamiani, Tanga, kila mwaka lazima mwanafunzi mmoja aseme mwalimu si tuiachie tu mashine.

Chukua swali la mwanahisabati Goldbach la mwaka 1742, kwamba namba shufwa yoyote kuanzia 4 ni jumla ya namba tasa mbili, 10 ni 3 na 7, yaani mtoto wa darasa la sita anaelewa. Kompyuta zimeshapima mpaka 4 yenye sifuri 18 na hakuna hata moja iliyokataa, lakini uthibitisho bado.

Wanafunzi wanaona kudai uthibitisho ni ubishi tu wa maprofesa, ndo nawapa habari ya mwanahisabati Pólya. 1919 alidhani ukihesabu kuanzia 1 mpaka 2, mpaka 100, mpaka popote utakaposimama, namba zenye idadi witiri ya vigawo tasa (kama 12, ni 2 mara 2 mara 3, vitatu hivyo) hazitapungua nusu. Inakubali mpaka milioni, inakubali mpaka milioni 900! Halafu inavunjika kwenye 906,150,257. Mwenye machungwa Muheza anaelewa hili vizuri sana, unakata la juu tamu, la katikati tamu, yaliyooza yako chini kabisa, ila yeye lori lake atalimwaga lote aangalie moja moja, la namba halina sakafu.

Ile ya kwamba rangi nne zinatosha kupaka ramani yoyote bila majirani kufanana rangi, mwaka 1976 kompyuta ilisaidia kweli, lakini ni kwa sababu wanahisabati Appel na Haken walishazipunguza ramani zisizo na mwisho zikabaki kesi zisizofika 2,000.

Na mwanahisabati Turing alishathibitisha 1936 kwamba hakuna programu moja ya kukwambia kila programu nyingine itasimama au itaendelea milele. Kijana wangu mmoja aliandika ya kutafuta namba ya kumkatalia Goldbach, isimame ikiipata, laptopu ikakesha mpaka feni inanguruma, asubuhi akaja, "mwalimu, bado inatafuta." Sasa hiyo "bado" ni ya leo au ya milele? Mashine haijui. Tukakaa barazani na kalamu tukaanza kujiuliza kwa nini 28 ina njia mbili, 5 na 23, 11 na 17, halafu 12 ina moja tu.