Mwanafunzi wa uuguzi, shika mizizi ya Kilatini kwa mwili wako

Wanafunzi wanaokuja wodini kwetu kwa mafunzo kwa vitendo huja na orodha ndefu ya majina ya mikao ya mgonjwa kwenye daftari: supine, prone, lateral, recumbent, decubitus. Wameikariri kwa ajili ya mtihani, lakini ukimwambia mmoja amlaze mgonjwa prone, anasimama kwanza akitafuta kichwani. Simlaumu. Fani hii tunasomeshwa kwa Kiingereza, na maneno yenyewe asili yake ni Kilatini. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: weka orodha pembeni, shika mizizi.

Kunja kiwiko, kisha geuza kiganja kiangalie juu kama mtu anayeomba dua. Hiyo ndiyo supinus. Warumi wa kale nao waliomba miungu yao viganja vikiwa juu, na washairi wao waliielezea mikono hiyo kwa neno hilohilo. Sasa geuza kiganja kiangalie chini: pronus, yaani iliyoinamia mbele. Rudia huku umeshika mkono huo kwa mkono wa pili, chini kidogo ya kiwiko, utahisi mfupa wa radius ukizunguka juu ya mwenzake, ulna. Misuli inayofanya kazi hiyo inaitwa supinator na pronator. Ukishajua kiganja, umejua mgonjwa mzima: supine ni chali, prone ni kifudifudi.

Na si mambo ya mtihani tu. Mtoto mchanga hulazwa chali ili kupunguza hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Mgonjwa wa ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, aliye kwenye mashine ya kupumulia, mapafu yakiwa yameshindwa vibaya, anaweza kuokolewa kwa kulazwa kifudifudi. Utafiti wa PROSEVA, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba waliolazwa hivyo kwa saa 16 au zaidi mfululizo walikufa asilimia 16 ndani ya siku 28, wakati kwa waliobaki chali ilikuwa asilimia 32.8. Ukichanganya maneno haya mawili, unachanganya maisha ya mtu.

Mzizi ninaoupenda kuliko yote ni cubare, kulala au kujilaza. Warumi wenye uwezo walikula wamejilaza, wameegemea kiwiko cha kushoto, na kiwiko waliita cubitum. Ndiyo maana pale mbele ya kiwiko tunapotafuta mshipa wa kutolea damu panaitwa antecubital: ante ni mbele. Inkubeta ya watoto njiti imetoka humohumo, kwa maana ya kulalia mayai. Recumbent, yaani aliyejilaza, pia ni ndugu yao, ingawa imeongezwa m katikati.

Decubitus ni kulala chini, basi. Kwenye fomu ya eksirei ukisoma left lateral decubitus, mgonjwa analalia ubavu wa kushoto, kwa kuwa latus ni ubavu. Vidonda vya mgandamizo navyo viliitwa decubitus ulcers, na hapa mzizi unakuonyesha kasoro ya jina: mgonjwa anayeshinda kwenye kiti cha magurudumu hupata vidonda hivyo makalioni bila kulala kabisa. Wataalamu wengi sasa wanataja mgandamizo wenyewe, na nakushauri uandike hivyo kwenye faili. Halafu mkague na aliyeketi, usiishie kwa waliolala.

Usitafute Kilatini kila mahali, lakini. Fowler, ule mkao wa nusu kuketi, ni jina la daktari wa upasuaji wa Marekani, George Ryerson Fowler. Trendelenburg, kichwa chini kuliko miguu, ni la Mjerumani Friedrich Trendelenburg. Hayo hayana mzizi wa kuchimba. Panda kitandani kwenye chumba cha mazoezi, mwenzako akuweke kwenye kila mkao, nawe utaje jina lake kwa sauti kabla hajakugeuza tena.