Daktari, Mkono Huu Vipi? Maswali Yenu Kutoka Kusini

Shikamoo daktari. Nabangua korosho nyumbani hapa Newala. Viganja vimebabuka, ngozi inachunika. Jirani anasema ni fangasi.

Marahaba, mwanangu. Fangasi haimo. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi. Vaa glavu, wazee walipaka majivu, yanasaidia kidogo. Mafuta yakikurukia, nawa kwa sabuni papo hapo, usingoje debe liishe. Malengelenge usiyatumbue.

Nachonga vinyago Mikindani. Patasi ilinikata kiganjani miezi miwili iliyopita. Kidonda kimefunga vizuri, lakini kidole cha shahada hakikunji.

Ndugu yangu, kilichofunga ni ngozi. Inaelekea kano imekatika. Mfupa uliovunjika hujiunga wenyewe ukitulizwa. Kano ya kukunja kidole haina bahati hiyo, maana msuli huivuta ncha moja ikarudi ndani, mbali na mwenzake. Ingeshonwa ndani ya siku chache, kazi ingekuwa nyepesi. Sasa huenda daktari wa upasuaji akalazimika kuchukua kano nyingine mwilini mwako aiunge hapo, kisha mazoezi ya wiki nyingi. Nenda hospitali ya Ligula, Mtwara, wakuangalie, wakupe rufaa ikibidi. Na wachongaji wengine mnaosoma: mtu akijikata kiganja, mwambieni akunje kila kidole kimoja kimoja kabla hajashonwa. Kisichokunja, aseme.

Nimefungwa hogo mkononi, wiki ya tatu. Naweza kulikata nirudi baharini? (Kilwa)

Hapana. Sasa hivi mfupa wako umeshikwa na gegedu laini, madini hayajakaza. Na sigara ziache, zinachelewesha mfupa.

Mwanangu ana miaka tisa, jino limetoboka. Zahanati wanataka kuziba bila mashine. Si ubabaishaji huo? Na ile ya kuziba kwa zebaki je?

Si ubabaishaji, mama. Tena mbinu hiyo ilianzia hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme. Uozo unakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, halafu tundu linajazwa saruji ya kioo, inayong'ang'ania jino yenyewe na kutoa floraidi polepole. Tundu dogo la upande mmoja, inadumu vizuri. Kubwa la pande mbili, huvunjika mapema, nisikufiche. Ile ya rangi ya fedha karibu nusu yake ni zebaki, na Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulizitaka nchi ziipunguze. Lakini kama wewe unayo kinywani na ni nzima, usiende kuing'oa kwa hofu: kuichimba ndiko kunakotoa mvuke mwingi.