Maswali ya Wasomaji: Kuandaa Chachu ya Kuanzishia Divai na Pombe ya Nyumbani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkulima mdogo wa zabibu. Msimu uliopita nilikamua juisi ya kujaza ndoo ya lita 20 kwa ajili ya divai ya nyumbani, nikanyunyizia pakiti ya hamira juu yake na kufunika. Siku mbili nzima hapakuwa na povu, na ya tatu, juisi ilipoanza kuchachuka, ilikuwa tayari inanuka siki. Jirani yangu anasema hamira huandaliwa kwanza pembeni. Je, ni lazima, na huandaliwaje?
Msomaji, Hombolo, Dodoma

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Jirani yako amekueleza kweli. Juisi ya zabibu haitoki kwenye kukamuliwa ikiwa safi, kwa kuwa maganda huja na chachu za porini pamoja na bakteria, wakiwemo wale wanaogeuza alkoholi kuwa siki wanapopata hewa. Hamira unayoitia hushindana nao, na saa za mwanzo ndizo zinazoamua. Ikiingia ikiwa chache au dhaifu, vijidudu hivyo hupata siku mbili za kuzaliana bila kubughudhiwa. Ikiingia ikiwa hai na nyingi, huijaza ndoo hewa ya ukaa na alkoholi mapema, na wengi wao hushindwa kuendelea.

Kosa la kawaida ni kuimwaga hamira kavu moja kwa moja kwenye juisi. Utando wa kila chembe umekauka, na katika dakika za kwanza za kunywa maji hauwezi kuchagua kipi kiingie na kipi kibaki nje, hivyo chembe inayoamkia kwenye sukari nyingi na asidi mara nyingi hufa. Iamshe kwanza kwenye maji matupu yenye uzito mara kumi ya uzito wake, yaani mililita 50 kwa pakiti ya gramu 5, yakiwa na joto la nyuzi 35 hadi 40. Kama huna kipimajoto, kumbuka kwamba Dodoma mjini na vitongoji vyake viko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka karibu na nyuzi 96 badala ya 100. Kikombe kimoja cha maji yanayotokota, kikichanganywa na vikombe vinne vya maji yaliyochemshwa jana na kupoa hadi nyuzi 25 hivi, hukupa takriban nyuzi 39. Pima mililita 50 kutoka humo.

Nyunyizia hamira juu ya maji hayo, iache dakika 15 bila kuikoroga, kisha itikise taratibu. Utaona rangi ya uji mwepesi na kusikia harufu ya mkate. Usiiache humo zaidi ya nusu saa, kwa sababu itamaliza akiba yake ya chakula. Ongeza juisi kidogo kidogo, ukipumzika dakika kadhaa kila mara, mpaka tofauti ya joto kati ya mchanganyiko huo na ndoo isizidi nyuzi 10. Tahadhari hii ni muhimu zaidi mwezi wa Julai, juisi inapokuwa imelala kwenye baridi ya usiku.

Kwa hamira mpya, hayo yanatosha. Kama pakiti ni ya zamani au ilikaa dukani kwenye joto, endelea hatua moja zaidi. Chukua nusu lita ya juisi na nusu lita ya maji, chemsha kwa dakika 10, acha ipoe kabisa, kisha uitie hamira uliyoiamsha. Ninasisitiza maji hayo kwa sababu zabibu ya Makutupora iliyoiva vizuri ina sukari nyingi kuliko inavyofaa chachu inayoanza kuzaliana. Tumia chupa ya lita mbili iliyooshwa na kusuuzwa kwa maji ya moto, ifunike kwa foili bila kuikaza, na usiizibe kwa kizibo, kwani hewa ya ukaa inaweza kuipasua. Itikise kila unapopita karibu nayo, maana chachu inahitaji oksijeni ili kujenga utando wa chembe zake mpya. Baada ya saa 24 hivi, povu likiwa limepanda, mimina yote kwenye ndoo. Ukisubiri mpaka itulie, nguvu yake itakuwa imeshapungua.

Hamira ya maandazi ni ya spishi ileile, ila imechaguliwa kwa kuumua unga; huchoka mapema alkoholi inapoongezeka, na mashapo yake hayatulii vizuri. Nunua ya divai ukiweza.

SWALI: Nyumbani tunapika pombe ya mtama. Je, ninaweza kutunza mashapo ya pombe iliyopita yaanzishe inayofuata?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Unaweza, na wazee wetu wamefanya hivyo siku zote. Mashapo hayo yana chachu pamoja na bakteria wa uchachu, ambao kwa pombe ya mtama ni sehemu ya ladha yenyewe, kwa hiyo usihangaike kutafuta chachu iliyo safi kabisa. Ilikuwa tofauti kwa bia ya kiwandani: mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alikuza chachu kutoka chembe moja kwa sababu chachu za porini zilikuwa zinaharibu bia.

Chota tabaka la kati la mashapo, uyaweke kwenye chombo safi kisichokazwa mfuniko, ndani ya jokofu, na uyatumie ndani ya wiki moja. Siku moja kabla ya kupika, yaamshe kwa togwa tamu iliyochujwa, ikachemshwa na kupoa: sukari ya kimea iliyomo inatosha kabisa. Yakinuka siki kabla ya kutiwa, yamwage na uanze upya kwa unga wa kimea.