Stoo ya majalada imenishinda kuingia, nianzie wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mtunza kumbukumbu katika halmashauri moja ya wilaya nchini Tanzania, na huu ni mwaka wangu wa nne kazini. Wiki tatu zilizopita mkuu wangu wa idara alinikabidhi ufunguo wa stoo iliyo nyuma ya ofisi, ambamo yamerundikwa majalada ya miaka mingi, akaniagiza kwamba ndani ya miezi mitatu yote yawe yamepangwa na kuorodheshwa. Tangu siku hiyo, kila asubuhi nafungua mlango, natazama marundo yaliyokaribia dari, kisha naufunga na kurudi masijala kushughulikia barua za siku. Sijagusa hata jalada moja. Mwenzangu ananishauri niyachome moto yale ya zamani ili kazi ipungue. Je, huu ni uvivu? Na nianzie wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, mvivu asingejisumbua kuufungua huo mlango kila asubuhi. Kinachokurudisha masijala ni kwamba barua ya siku ina mwisho unaoonekana: unaipokea, unaisajili, unaipa namba ya folio, yaani namba ya karatasi hiyo ndani ya jalada, unaipeleka kwa mhusika, na saa tisa na nusu unaondoka ukijua umefanya nini. Stoo hiyo haina hata kipimo, na agizo la kwamba “yote yapangwe” halikuambii Jumatatu asubuhi mkono wako ushike nini.

Kuhusu moto, acha kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 hairuhusu kumbukumbu za umma kuteketezwa bila idhini ya Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, kwa hiyo mamlaka hayo huna wewe wala mkuu wako. Tena jalada unalolidhania takataka huenda ndilo lenye barua ya ajira ya mwalimu anayestaafu mwakani, na wewe uliye masijala bila shaka umekwisha kuwaona wastaafu wakisubiri kwenye benchi la nje, bahasha ya kaki mapajani, wakitafutiwa karatasi moja tu ili mafao yao yashughulikiwe.

Siku ya kwanza usipange chochote. Ingia na daftari, kalamu na barakoa, kwa maana vumbi la karatasi kuukuu si la kuchezea, uhesabu rafu na marundo na kubandika namba kwenye kila kimoja. Palipo na unyevu au mchwa weka alama ya pekee, kwa sababu hapo hapasubiri zamu. Kisha toka, ufunge mlango, urudi kwenye barua zako.

Kesho yake chagua rafu moja, isiwe nyepesi kuliko zote wala mbaya kuliko zote, uimalize kabla hujagusa nyingine. Kwa kila jalada andika namba yake ya zamani, kichwa chake, tarehe ya folio ya kwanza na ya mwisho, na rafu lilipo, basi. Usibuni mfumo mpya wa namba, na majalada uliyoyakuta pamoja yaache pamoja, kwa kuwa rejesta za zamani zinafuata mpangilio huo na ndizo zitakazokuonyesha lipi halipo. Jambo gumu kuliko yote litakuwa kujizuia kusoma. Mimi mwenyewe, nilipokuwa karani, niliwahi kupoteza alasiri nzima nikifuatilia madokezo ya maofisa watatu waliokuwa wakibishana juu ya baiskeli ya ofisi, na hadi leo sijui nani aliipata.

Rafu hiyo ifanyie kazi kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi, kabla wageni hawajajaa dirishani, na uandike imekuchukua asubuhi ngapi. Tuseme imekuchukua mbili, na rafu zote ni 40: hizo ni asubuhi 80. Miezi mitatu ina siku za kazi 65 hivi, nawe umekwisha kutumia 15, kwa hiyo zimebaki 50. Rafu ya kwanza huchukua muda mrefu kuliko zinazofuata, lakini hata ukifikia asubuhi moja na nusu kwa kila rafu, bado ni 60.

Hesabu hiyo mpelekee mkuu wako ndani ya wiki hiyohiyo, pamoja na orodha ya rafu uliyoimaliza, ili aone kazi iliyokamilika inafananaje. Mwombe mojawapo ya mambo mawili: akupe msaidizi, hata kama ni mwanafunzi aliye katika mafunzo kwa vitendo, au akubali kwamba majalada binafsi ya watumishi na yale ya viwanja yatangulie na mengine yaongezewe muda. Wiki tatu zilizopita usizifiche akikuuliza, ila usianze nazo.

Kila siku, kabla ya kufunga mlango saa nne, toa jalada litakalofuata uliweke mezani kwako masijala, juu ya daftari, likiwa limefunguliwa kwenye folio ya kwanza. Ukifika kesho yake, anza na tarehe iliyo mbele yako.