Viza ya udaktari ikichelewa, jua faili lako liko meza gani

Kijana wa Newala au Nachingwea anayekwenda kusomea udaktari China au Urusi ana kalenda mbili zisizopatana. Vyuo vya huko hufungua Septemba, wakati minada ya korosho huanza Oktoba na hela ya mkulima huingia benki baadaye zaidi. Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka Julai. Zinabaki wiki saba au nane, na ndani yake kuna pasipoti, mihuri ya vyeti, barua ya chuo, vipimo vya afya na viza yenyewe. Mara nyingi viza inayosemwa imechelewa ilianza kuchelewa kabla ubalozi haujaliona faili.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi ya basi kwenda kuulizia Dar, tafuta kwanza faili liko mezani kwa nani: hapa nyumbani, chuoni, kwenye wizara ya nchi unakokwenda, au ubalozini. Kila meza ina dawa yake, na dawa ya meza moja haifanyi kazi kwa nyingine.

Urusi kila kitu kinaanzia kwenye mwaliko. Chuo hupeleka ombi, na Wizara ya Mambo ya Ndani ya kule ndiyo inayoutoa. Kazi hiyo hula mwezi mzima na pengine zaidi, na haiharakishwi na mtu kusimama getini Dar. Mwaliko unabeba namba ya pasipoti yako. Ukitengeneza pasipoti nyingine baada ya ombi kwenda, mwaliko ule haukufai tena, unaanza upya. Viza ya kwanza nayo huwa fupi, kwa kawaida siku 90 na ya kuingia mara moja. Usishtuke ukiiona, chuo ndicho kinachokuongezea ukishafika.

China kinachosubiriwa ni fomu ya JW202 kwa anayejilipia, au JW201 kwa mwenye ufadhili wa serikali yao, pamoja na barua ya udahili. Hizo ndizo zinazofungua mlango wa viza ya X1, ya masomo ya zaidi ya siku 180. Karatasi zikitimia, ubalozi unahitaji siku chache tu za kazi. Wiki zote zile unazohesabu zinaliwa na JW202, nayo iko chuoni. Angalia pia sikukuu zao: wiki ya kwanza ya Oktoba China wanapumzika, na Urusi hufunga ofisi siku nane za mwanzo wa Januari.

Basi andikia chuo, na andika vizuri. Barua pepe ya "naomba msaada wenu haraka sana" haijibiki, kwa sababu anayeisoma hajui wewe ni nani kati ya mamia. Weka jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, namba ya maombi na tarehe uliyotuma nyaraka. Kisha maswali mawili tu: fomu yangu imeshatolewa, na kama bado inasubiri nini? Na mwisho wa kuripoti kwa waliochelewa ni tarehe ngapi? Ukitaka kupiga simu, kumbuka China wako saa tano mbele yetu. Ofisi yao inafunguliwa saa kumi alfajiri kwa saa zetu, na ikifika saa sita mchana wanafunga. Anayepiga baada ya adhuhuri kisha akalalamika hawapokei ajilaumu mwenyewe. Moscow saa ni ileile ya kwetu.

Sasa meza ya nyumbani, ambako ndiko watu wa kusini tunakokwama zaidi, na kubwa kuliko yote ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Saidi Hamisi, cha kidato cha nne Said Hamis, kitambulisho cha NIDA kina jina la babu, na pasipoti imefuata NIDA. Kwa jirani wa Mikindani huyo ni mtu mmoja. Kwa ofisa wa viza ni watu watatu. Chukua jina lililo kwenye cheti cha NECTA, yaani Baraza la Mitihani, liwe ndilo la kufuatwa, maana hicho ndicho kigumu kurekebisha, halafu nyaraka nyingine zote zilifuate. Fanya hivyo kabla ya pasipoti, si baada. Tofauti ndogo ya herufi hutibiwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Jina lililobadilika kabisa linataka hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Cheti cha kuzaliwa kama huna, unaanzia ofisi ya Mkuu wa Wilaya kwa utaratibu wa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Pasipoti inaombwa Uhamiaji mkoani, Mtwara au Lindi, baada ya kujaza fomu mtandaoni. Gharama ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10, kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja matokeo ndipo uiombe.

Mihuri ina mpangilio wake. Cheti kithibitishwe kwanza na waliokitoa, kiende Wizara ya Mambo ya Nje, ndipo kiende ubalozini. Tafsiri, kama ya Kirusi, inafanywa baada ya mihuri kugongwa, la sivyo maandishi ya mihuri yenyewe yatakosa tafsiri na utarudishwa. Barua ya kutokuwa na pingamizi ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, nayo iombwe mapema. Ndiyo inayokupa uhakika kwamba chuo kinatambulika, jambo litakaloulizwa tena siku utakaporudi na shahada yako.

Halafu kuna taarifa ya benki, pale inapotakiwa. Akaunti ya mkulima wa korosho mwaka mzima haina kitu, kisha Novemba zinaingia milioni kwa mpigo mmoja. Ofisa asiyeijua Tandahimba anaona hela ya kuazima, analiweka faili pembeni, na hapo ndipo linapolala. Mpe maelezo kabla hajauliza. Ambatanisha stakabadhi za AMCOS, chama chenu cha msingi cha ushirika, zenye kilo na daraja, na karatasi za malipo kutoka chama kikuu chenu, kiwe TANECU, MAMCU, RUNALI au Lindi Mwambao. Juu yake weka barua ya nusu ukurasa kwa Kiingereza inayosema korosho huvunwa msimu mmoja, huuzwa kwa mnada chini ya stakabadhi ghalani, na mkulima hulipwa benki baada ya mnada. Stakabadhi za misimu miwili au mitatu zinaongea zaidi kuliko za msimu mmoja. Na hela isitolewe yote Januari kwa ajili ya bati na pikipiki. Salio linalobaki ndilo linalosomwa.

Vipimo vya afya vinaharibika kama samaki. Fomu ya China inadumu miezi sita, na cheti cha VVU kwa Urusi miezi mitatu tangu siku ya kupimwa. Wengi hupima mwanzo kabisa kwa bidii, kisha mwaliko unachelewa na vipimo vinaisha. Pima karatasi za chuo zikiwa njiani, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, maana wanataka hospitali ya serikali. Fomu ya China ina picha ya kifua, kipimo cha umeme wa moyo, damu ya VVU na ya kaswende, na pembeni ina nafasi ya picha yako ndogo. Hapo pana mtego: muhuri wa hospitali lazima uguse picha na karatasi kwa pamoja, nusu huku nusu huku. Ukigongwa chini tu, karibu na sahihi ya daktari, fomu haikubaliki. Usiondoke dirishani hujaangalia.

Safari ya Dar ipange kwa akili. Kutoka Mtwara ni kilomita 560 hivi, Lindi kama 450. Basi la alfajiri linakushusha Mbagala ofisi zimeshafungwa, na balozi nyingi hupokea maombi asubuhi tu. Hesabu usiku mmoja kabla, na mmoja wa akiba. Masika usiweke miadi kesho yake ya safari: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika upande wa Somanga na magari yakalala njiani siku kadhaa. Pasipoti ikitumwa, itumwe kwa EMS ya Posta yenye namba ya kufuatilia. Bahasha ya kondakta ni ya samaki na maembe.

Wakala akikwambia viza "iko kwenye mfumo", mwombe namba ya maombi, risiti ya ubalozi na tarehe ya kupokelewa. Asipokuwa nazo, faili bado liko kwenye droo yake. Wapo wanaongoja kundi litimie ndipo wapeleke wote kwa pamoja. Na pasipoti haina sababu ya kukaa kwake miezi.

Ikifika Oktoba bado, amua. Mwaka wa kwanza wa udaktari huanza na anatomia, na vipindi vya maabara vina mahudhurio. Wiki mbili utazifidia kwa kukesha. Wiki sita, kwa maoni yetu, ni kwenda kufeli kwa nauli kubwa, bora uahirishe. Pata kwa maandishi tarehe mpya ya kuanza, uthibitisho kwamba ada uliyolipa inahamia mwaka ujao, na ahadi ya JW202 au mwaliko mpya, maana ile ya zamani ina tarehe na haitumiki. Tiketi ya ndege usiwe umelipa kabla ya viza. Panapotakiwa uthibitisho wa safari, nafasi iliyoshikwa bila kulipiwa mara nyingi inatosha. Dirisha la udahili wa vyuo vya ndani hufunguliwa kipindi hichohicho cha kusubiri viza, kwa hiyo uwe umeomba na huku.

Mtaani swali litakuwa moja tu, "Bado upo?" Dua na pilau ya kuagana vingoje viza iwe mkononi, utapunguza nusu ya maswali. Muda huo chanjwa: homa ya ini B ni dozi tatu, mwanzo, baada ya mwezi na mwezi wa sita, na mwanafunzi wa udaktari ataihitaji wodini. Ya homa ya manjano, kadi inahesabika kuanzia siku ya 10 baada ya sindano. Anza na lugha pia. Hata ukifundishwa kwa Kiingereza, mgonjwa wa Chengdu atakueleza tumbo lake kwa Kichina.

Viza ikitoka, isome palepale dirishani: herufi za jina, namba ya pasipoti, tarehe, idadi ya kuingia. Kwa anayekwenda India, viza huanza kuhesabiwa siku iliyotolewa, si siku utakayotua, na ikizidi siku 180 unajisajili ndani ya siku 14 za kufika. China una siku 30 za kuomba kibali cha kuishi, na wataitaka ile fomu ya afya halisi yenye muhuri juu ya picha. Iweke kwenye mkoba wa mkononi pamoja na JW202 na vyeti. Sanduku la chini wekea nguo na korosho.