Wasomaji Wanauliza: Saini ya Zuzu

SWALI: Ndugu wahariri, Desemba nitakuwa kwa dada yangu Syracuse, Marekani. Nasikia mji wa jirani, Seneca Falls, hufanya sherehe ya ile filamu ya Noeli ya 1946, La vie est belle, na aliyeigiza yule mtoto Zuzu, ambaye sasa ni bibi, huja kusalimia watu na kutia saini kwenye foto. Nijiandae namna gani? Filamu yenyewe nimeitafuta hapa, lakini kila muuza diski ananipa ya mwanamuziki Papa Wemba. (Msomaji wa Nyawera, Bukavu)

JIBU: Wauza diski hawana kosa. Kwa Kifaransa filamu hiyo ya mwongozaji Frank Capra inaitwa La vie est belle, sawasawa na ile ya Papa Wemba ya 1987, ambayo mmoja wa waongozaji wake, Ngangura Mweze, ni mzaliwa wa Bukavu. Ipo na ya tatu, ya Mwitaliano Roberto Benigni, ya 1997. Ukiulizia, taja Capra, 1946, na mwigizaji James Stewart. Au tumia jina la Kiingereza, It's a Wonderful Life.

Zuzu ni Karolyn Grimes, aliyezaliwa tarehe 4 Julai 1940. Umri umepita 80, kwa hiyo hakikisha kwa waandaaji kwamba atakuwepo mwaka huu kabla dada hajalipia safari. Kutoka Syracuse ni kama saa moja kwa gari.

Foto nenda nayo mwenyewe, sentimita 20 kwa 25, yenye sehemu nyeupe ya kutosha kwa saini. Hapo ndipo wengi wanaharibikiwa. Biki inachimba karatasi na wino wake haushiki kwenye foto inayong'aa. Chukua markeri isiyofutika, yenye ncha nyembamba, nyeusi au ya buluu. Kama foto yote ni ya giza, tumia ya rangi ya fedha, uitikise na kuijaribu kwanza kwenye karatasi nyingine, maana mara nyingi inaanza kwa kutema tone zima. Usiguse saini kwa dakika tano. Ukiiingiza mara moja kwenye mfuko wa plastiki, nusu ya jina itabaki kwenye plastiki. Ikikauka, ibane kati ya karatoni mbili ngumu.

Wengine huleta kengele ya shaba itiwe saini, maana katika filamu Zuzu anasema kila kengele inapolia malaika anapata mabawa. Ipanguse kwanza kwa alkoli, kwani mafuta ya vidole hufanya wino uteleze.

Jina lako liandike kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi. Bahati au Nabintu haliandikiki kwa kusikia tu. Beba pia dolari za noti ndogo, maana saini na foto mara nyingi hulipiwa. Mwite Bi Grimes: "mama" yetu ya heshima, kule ni mzazi wako tu.

Foleni haikupi zaidi ya dakika moja au mbili, basi uliza jambo moja lenye nyama. Theluji, kwa mfano: filamu ilipigwa California kati ya Aprili na Julai 1946, kwenye joto, na theluji ile ni povu la kuzimia moto lililochanganywa na sabuni na maji. Kabla ya hapo studio zilitumia konfleksi, zile za mahindi za kunywea chai asubuhi, zilizopakwa rangi nyeupe, zikapiga kelele chini ya viatu hadi maneno ya waigizaji yakarekodiwa upya. Au muulize petali za ua la Zuzu, zile ambazo baba yake wa filamu anazitia mfukoni. Wazazi wake usianze nao: alibaki yatima akiwa na miaka 15, na si kila mtu anapenda kuulizwa hayo mbele ya foleni.

SWALI: Foto yangu yenye saini imeshikamana na kioo cha kadre. Niitoeje? (Msomaji wa Kadutu)

JIBU: Usiivute, na usiilowanishe, saini itatoka na rangi. Unyevu wa masika umelainisha uso wa foto ukagandana na kioo. Ipige foto nyingine kupitia kioo, taa ikiwa upande, kisha iache hapo ilipo. Ile itakayofuata itengenezee paspatu, yaani fremu ya karatoni kati ya foto na kioo, yenye unene wa milimita mbili, foto isiguse kioo, na usiitundike ukuta unaopigwa na jua.